Ruta ya Bei Nafuu na Mashine za Gemu: Tafuta Chanzo cha Hitilafu Kabla ya Kununua Nyingine

Malalamiko ya wenye PlayStation, Xbox na Nintendo kuhusu ruta zao hayafiki kumi, na hujirudia yale yale, iwe ni sebuleni Kinondoni au katika banda la gemu la Likoni. Mara nyingi anayelalamika ameshakata shauri kwamba ruta yake ni mbovu kwa kuwa aliinunua rahisi, na anachotaka ni kutajiwa ya bei kubwa. Katika kazi ya kufunga mitandao ya majumbani nimeshuhudia watu wakinunua ruta mpya mara mbili kwa hitilafu ambayo ilikuwa kwenye waya, kwenye adapta ya umeme au kwa mtoa huduma. Gemu inapochezwa mtandaoni hutumia data kidogo, kwa kawaida chini ya megabiti moja kwa sekunde. Inachodai ni pakiti ndogo ndogo, yaani vipande vya data, zifike kwa wakati bila kupotea, na kazi hiyo ruta ya bei nafuu inaiweza endapo imechaguliwa kwa kufuata dalili.

Kabla ya kusoma dalili yoyote, fanya vipimo viwili. Cha kwanza, washa hotspoti ya simu yenye bando na uiunganishe konsoli (mashine ya gemu) humo: tatizo likiondoka, chanzo ni ruta au laini ya mtoa huduma, likibaki, aghalabu chanzo ni konsoli yenyewe au akaunti. Zima kwanza masasisho ya moja kwa moja, la sivyo gemu moja itaanza kujisasisha na bando la wiki litaisha kabla hujamaliza kupima. Cha pili, iunganishe konsoli na ruta kwa waya wa LAN: tatizo likiondoka, ugonjwa uko kwenye Wi-Fi peke yake.

Konsoli haiuoni mtandao wa Wi-Fi, ilhali simu inauona

Sababu inayoongoza ni masafa. PS4 ya toleo la kwanza, lile la mwaka 2013, hupokea masafa ya 2.4 GHz pekee, na PS3 ni hivyo hivyo; PS4 Slim na PS4 Pro za mwaka 2016, pamoja na PS5, hupokea pia 5 GHz. Ukiwa na konsoli ya kundi la kwanza na mtandao uliouchagua ni wa 5 GHz, hutauona hata ukiiweka ruta juu ya televisheni. Ingia kwenye kurasa za ruta kwa anwani iliyobandikwa chini yake, ambayo mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1, uzime kipengele kinachounganisha masafa yote chini ya jina moja, kisha uyape masafa mawili majina mawili tofauti.

Sababu ya pili ni usalama wa WPA3, yaani kanuni mpya ya kulinda Wi-Fi yenye nenosiri. Ruta mpya nyingine huwekwa kutumia WPA3 pekee, nayo PS3 na PS4 haziufahamu. Chagua WPA2 yenye AES, au hali ya mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. Sababu ya tatu, isiyo ya kawaida sana, ni ruta kujichagulia chaneli ya 12 au ya 13 kwenye 2.4 GHz: chaneli hizo hazitumiki katika vifaa vingi vya soko la Marekani, kwa hiyo konsoli iliyoletwa kutoka huko inaweza kupitwa na mtandao uliopo mbele yake. Weka mwenyewe chaneli ya 1, 6 au 11.

Ikiwa konsoli inauona mtandao lakini inakataa kuungana, na PS4 inaonyesha namba NW-31297-2, hiyo maana yake ni nenosiri lisilo sahihi na si zaidi. Angalia herufi kubwa na ndogo, na utofautishe sifuri na herufi O.

Konsoli isiyoona mtandao wowote, hata wa jirani na hata hotspoti ya simu iliyowekwa kando yake, ina hitilafu ya antena au ya kadi ya Wi-Fi iliyomo ndani. Ishia hapo. Usiifungue: chombo cha umeme cha PS4 na PS5 kiko ndani ya kasha, na kapasita zake zinaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Mpelekee fundi wa konsoli, au utumie waya wa LAN na kuisahau Wi-Fi. Kwa Nintendo Switch ya kwanza, kitako chake cha kuunganishia televisheni (dock) hakina tundu la LAN, kwa hiyo utahitaji adapta ya USB. Kile cha Switch OLED kinalo.

Imeungana na ruta, lakini hakuna intaneti

Anza na mambo ya aibu: kifurushi kimeisha, au malipo ya mwezi hayajaingia. Kisha tazama waya unaotoka kwenye kisanduku cha faiba. Unapaswa kuingia kwenye tundu la WAN (la kuingizia intaneti) la ruta, ambalo aghalabu lina rangi ya peke yake. Hitilafu inayofuata kwa wingi hutokea pale ruta mpya inapounganishwa nyuma ya kifaa cha mtoa huduma na vyote viwili vikawa na anwani moja, kwa mfano 192.168.1.1. Badili anwani ya ruta yako iwe 192.168.5.1, kisha uwashe upya vifaa vyote. Angalia pia tarehe na saa ya konsoli, hasa ikiwa ilikaa muda mrefu bila umeme, kwa maana saa ikiwa nyuma miaka kadhaa huduma za mtandaoni zinaweza kuikataa.

Lipo jambo ambalo wauzaji hawalisemi. PS4 nyingi zilizotumika zinazouzwa zikiwa na gemu kumi ndani zimefunguliwa (wengine husema zimechipiwa) na zimeachwa kwenye programu endeshi ya zamani kwa makusudi. Konsoli ya namna hiyo haitaingia PlayStation Network, na hakuna ruta duniani itakayoisaidia. Vilevile, gemu nyingi za kulipia kwenye PS4 na PS5 hazikuruhusu kucheza na wengine mtandaoni bila usajili wa PlayStation Plus. Ujumbe unaotokea hapo hauhusiani na mtandao wako.

Taa nyekundu iliyoandikwa LOS kwenye kisanduku cha faiba inaonyesha kwamba mwanga haufiki. Mpigie mtoa huduma. Usichomoe kichwa cha faiba ukakichungulia, kwa sababu mwanga wake hauonekani kwa macho na unaweza kuyadhuru. Usiukunje waya huo, na usipande nguzo.

Mchezo unasuasua, hasa jioni

Hapa ndipo fedha nyingi hupotezwa bure, kwa kuwa dalili moja ina vyanzo vinne visivyofanana, na ruta mpya hutibu viwili tu kati ya hivyo.

Chukua kompyuta, au simu yenye programu ya kupima pingi (muda wa pakiti kwenda na kurudi), uipime anwani ya ruta yenyewe. Ukiwa kwenye waya, jibu linatakiwa kurudi ndani ya milisekunde moja au mbili. Kwa Wi-Fi nzuri, chini ya kumi. Namba zikiruka hadi mia na kurudi, tatizo liko kati yako na ruta. Zikitulia, pima 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya Google iliyoko nje kwenye intaneti, wakati hakuna mwingine anayetumia mtandao, kisha mwombe mtu apandishe video ndefu kutoka kwenye simu yake huku ukiendelea kupima. Pingi ikitoka arobaini ikafika mia nne, umekwisha kukipata chanzo kinachoongoza: foleni. Ruta au kifaa cha mtoa huduma hurundika pakiti zote kwenye mstari mmoja, na pakiti ndogo ya gemu husubiri nyuma ya video kama bodaboda iliyobanwa kati ya malori Mandela Road.

Dawa ya foleni ni kuizuia isianze. Pima kasi halisi ya laini yako, ya kushusha na ya kupandisha, kisha nenda kwenye ukurasa wa QoS au wa udhibiti wa kasi na uweke kikomo cha jumla katika asilimia 85 hadi 90 ya namba ulizopata. Utapoteza kasi kidogo, lakini foleni itahamia ndani ya ruta yako, ambako unaweza kuipa konsoli kipaumbele. Hata TP-Link TL-WR841N, ambayo ni miongoni mwa ruta rahisi zilizoenea sana, ina udhibiti wa kasi kwa kila anwani. Kwa hiyo jaribu kwanza uliyonayo.

Chanzo cha pili ni Wi-Fi iliyosongwa. Masafa ya 2.4 GHz yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na katika jengo la ghorofa lenye ruta ishirini zote zinagombania hizo tatu. Oveni ya maikrowevu hutumia masafa hayo hayo, na pedi za PlayStation huwasiliana na konsoli kwa Bluetooth ndani ya masafa hayo pia. Hata diski ya nje ya USB 3.0 iliyolazwa ubavuni mwa konsoli hutoa kelele ya redio kwenye 2.4 GHz, isogeze mbali kadiri waya wake unavyoruhusu. Ukiwa na konsoli inayopokea 5 GHz, hamia huko na uchague chaneli ya 36 hadi 48, kwa kuwa baadhi ya chaneli za katikati hugawanwa na rada na ruta hulazimika kuzihama ghafla.

Hata hivyo, 5 GHz ina udhaifu wake: hupenya ukuta kwa shida. Katika nyumba ya matofali ya saruji, kuta mbili zinatosha kuimaliza, na katika nyumba za mawe ya matumbawe za Mji Mkongwe au Lamu, ambazo kuta zake hufikia nusu mita, mara nyingine ukuta mmoja unatosha. Hapo usinunue ruta yenye antena nyingi kwa kudhani antena zitatoboa ukuta. Vuta waya. Waya wa LAN wa mita ishirini hugharimu sehemu ndogo ya bei ya ruta mpya, na waya mzima wa Cat5e hufanya kazi hadi mita 100.

Chanzo cha tatu ni umbali wa seva, nao hautibiki. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kila kilomita 100 za umbali huongeza milisekunde moja ya kwenda na kurudi. Kutoka Dar es Salaam hadi Johannesburg ni karibu kilomita 2,500 kwa mstari ulionyooka, maana yake pingi haiwezi kushuka chini ya 25. Hadi London ni kama kilomita 7,500, kwa hiyo 75 ni ndoto, kwa kuwa nyaya za baharini hazipiti mstari ulionyooka. Gemu ikikuruhusu kuchagua eneo, jaribu Afrika Kusini, Mashariki ya Kati na Ulaya kwa zamu, uone ipi inakupa namba ndogo.

Cha nne ni laini yenyewe. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na Tanzania, Kenya na nchi jirani zikabaki na intaneti dhaifu kwa siku kadhaa. Siku kama hiyo, kuhangaika na mipangilio ya ruta ni kujichosha. Lakini ikiwa pingi ya 8.8.8.8 hupanda kila jioni hata kwa waya na hata nyumba ikiwa tupu, andika saa na namba za siku tatu mfululizo, kisha umkabidhi mtoa huduma. Malalamiko yenye namba ni magumu kupuuzwa.

NAT ya aina ya 3, husikii sauti za wenzako, au huwezi kuwaalika

NAT ni tafsiri ya anwani inayofanywa na ruta ili vifaa vingi vitumie anwani moja ya intaneti. PlayStation hutaja aina tatu za NAT, na aina ya 2 ndiyo ya kawaida kwa aliye nyuma ya ruta. Ya 3 ndiyo yenye kero. Xbox huziita wazi, wastani na kali. Fungua ukurasa wa hali ya ruta yako uisome anwani ya IP iliyo upande wa WAN, kwa sababu anwani hiyo ndiyo inayotoa jibu.

Ikianza na 192.168, au 10, au 172.16 hadi 172.31, kuna ruta nyingine mbele ya yako. Mara nyingi ni kisanduku cha mtoa huduma, na pakiti zinatafsiriwa mara mbili. Njia rahisi ni kuibadilisha ruta yako iwe kituo cha Wi-Fi tu, yaani hali ya Access Point, ili kisanduku cha mtoa huduma kibaki kuwa ruta pekee. Ikiwa unataka ruta yako ndiyo itawale, mwombe mtoa huduma akiweke kisanduku chake katika hali ya daraja (bridge), yaani kipitishe tu intaneti bila kufanya kazi ya ruta.

Ikiwa anwani iko kati ya 100.64 na 100.127, umewekwa kwenye anwani moja pamoja na wateja wengine wengi. Hali hii imeenea sana kwenye ruta za laini za 4G na 5G, ambako wakati mwingine anwani huanza na 10 vilevile. Hakuna ruta utakayoinunua ikaliondoa jambo hili. Omba anwani ya umma kwa mtoa huduma, ukijua kwamba wengine huitoza ada na wengine hawaitoi kwa wateja wa majumbani.

Ikiwa anwani ni ya umma na bado NAT ni ya aina ya 3, washa UPnP (kipengele kinachoiruhusu konsoli ijifungulie njia yenyewe) kwenye ruta, izime konsoli kabisa badala ya kuilaza, kisha iwashe. Isipofaa, itengee konsoli anwani ya kudumu na ufungue poti (milango yenye namba ya kupitishia data) kwa mkono: kwa PlayStation, TCP 3478 hadi 3480 na UDP 3478 na 3479, kwa Xbox, poti 3074. Wenye Xbox mbili nyumbani wasifungue poti hiyo moja kuelekea zote mbili, maana ruta itaipeleka kwa moja tu. Kwao UPnP ndiyo njia inayofaa. Kuiweka konsoli kwenye DMZ, yaani nje ya ulinzi wa ruta, huvumilika, lakini usiiweke kamera ya ulinzi wala kompyuta huko.

Kupakua gemu kunachukua siku nzima

Piga hesabu kwanza. Gemu ya gigabaiti 50 kwenye kifurushi cha megabiti 10 huchukua zaidi ya saa kumi na moja hata kila kitu kikiwa sawa. Kwenye PS4, funga gemu iliyo wazi, kwani upakuaji mara nyingi hupungua inapokuwa inaendelea. Ikiwa kwa waya unapata kasi ndogo kuliko kwa Wi-Fi, badilisha waya. Nyaya nyingi za rejareja ni za alumini iliyopakwa shaba, na vichwa vyake hulegea upesi.

Ruta inajizima na kujiwasha

Shuku adapta kabla ya ruta. Adapta za volti 9 na za volti 12 hufanana kichwa, kwa hiyo ya 12 huingia vizuri kwenye ruta ya 9 na inaweza kuiunguza, na ya 9 kwenye ruta ya 12 huifanya iwake na kuzima kila inapopata kazi. Volti zilingane kabisa na maandishi yaliyo chini ya ruta. Ampea ziwe sawa au zaidi. Kisha angalia joto: ruta isiwekwe juu ya konsoli wala ndani ya kabati la televisheni. Ikiwa umeme wa mtaani kwenu hukatika na kurudi kwa kishindo, UPS (betri ya akiba) ndogo ya ruta huokoa vifaa vingi, mradi umeichagulia volti sahihi. Mvua ya radi ikianza, chomoa umeme na waya wa WAN pia.

Acha mara moja ukisikia harufu ya kuungua, ukiona adapta imevimba, au ukipigwa shoti kwa kugusa konsoli au kichwa cha waya wa LAN. Shoti ni tatizo la umeme wa nyumba au la kutokuwepo kwa ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini), na anayepaswa kuitwa ni fundi umeme mwenye leseni, ya EWURA kwa Tanzania au ya EPRA kwa Kenya. Waya wa LAN uliovutwa nje kutoka nyumba moja hadi nyingine, kama wafanyavyo wenye mabanda, ni njia ya radi. Usiuguse wakati wa mvua.

Vipimo vimeiangukia ruta

Ikiwa kwa waya kila kitu ni shwari, konsoli yako inapokea 5 GHz na ruta yako haina, hiyo ni sababu halali ya kununua. Tafuta yenye masafa mawili, UPnP, utengaji wa anwani, udhibiti wa kasi na hali ya Access Point. Mengine ni mapambo, na taa nyekundu za ruta zinazoitwa za gemu ni mapambo ya bei mbaya. TL-WR841N haina 5 GHz, lakini kwa PS4 ya kwanza iliyo kwenye waya inatosha. Soma matundu kwa makini, kwani namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi ni jumla ya kasi za masafa yote mawili: Archer C50 na Archer C6 zote zimeuzwa kama AC1200, ilhali matundu ya C50 ni ya megabiti 100 na ya C6 ni ya gigabiti. Xiaomi Mi Router 4A nayo ina matoleo mawili yenye jina karibu moja, la kawaida lenye matundu ya megabiti 100 na Gigabit Edition; na zilizokusudiwa soko la China huja na menyu za Kichina. Kwa kifurushi cha megabiti 20 au 50, matundu ya 100 hayakupunguzii chochote, kwa hiyo usilipie gigabiti kwa ajili ya sifa.

Mwenye banda la konsoli nne anunue ruta ya kawaida na swichi ya mtandao ya matundu manane, avute waya kwa kila mashine, na fedha iliyobaki aiweke kwenye kifurushi. Ukinunua ruta iliyotumika, iombe iwashwe dukani kwa adapta yake yenyewe, ibonyezwe kitufe cha kuirejesha katika hali ya kiwandani kwa sekunde kumi, kisha uingie kwenye kurasa zake kwa simu yako. Ikiwa ni ya laini ya simu, weka laini unayotumia na usubiri ipate mtandao, kwa sababu nyingine zimefungwa kwa kampuni moja na huwezi kulijua hilo kwa kutazama boksi.